Maganda ya Korosho Chini ya Kitanda

Msimu wa korosho ukiingia, mgeni anayefika Kiranjeranje hana haja ya kuuliza nyumba ya Bi Kidawa iko wapi. Harufu itampeleka yenyewe. Inatoka jikoni kwake tangu asubuhi, inapenya kwenye makuti ya paa, inakwenda mpaka barabarani. Abiria wa mabasi ya Lindi wakiisikia tu, wanaanza kupapasa mifuko.

Bi Kidawa ni mbanguaji. Kazi hii alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi. Anatia korosho mbichi kwenye bati lenye matundu. Analiweka bati motoni na kukoroga kwa mti mrefu. Maganda yanatoa mafuta, mafuta yanashika moto, moshi mweusi unapanda. Kisha anazimwaga mchangani zipoe. Halafu anaketi chini, miguu ameinyoosha, anazigonga mojamoja. Kiini huku, maganda kule. Mafuta ya maganda yameibabua mikono yake ikawa myeusi, lakini mwenyewe hajali.

"Mikono hii haifai kuvalishwa pete," husema. "Lakini imesomesha watoto."

Na maganda hayatupi. Hapo ndipo majirani walipokuwa wakimsifu. Maganda ya korosho yana mafuta, kwa hiyo yanawaka vizuri na moto wake unakaa. Kuni siku hizi ziko mbali, na mgongo nao umechoka. Basi Bi Kidawa alikuwa akiwashia maganda na kupikia maganda. Jirani akikosa moto, anakuja na sahani, anachotewa. Uchoyo hana, jamani, hilo tumpe haki yake.

Mwaka huo binti yake wa mwisho, Biasha, alikuwa mjamzito. Biasha ameolewa Nangurukuru na Ibrahimu, fundi wa pikipiki. Mimba ilikuwa ya kwanza, na mimba ya kwanza mtu anakuja kujifungulia kwao. Ibrahimu akamleta mwenyewe, pamoja na beseni, khanga mpya na mfuko wa sukari.

"Mama, nakuachia," Ibrahimu alisema.

"Umeniachia nani?" Bi Kidawa alimjibu. "Huyu nilikuwa naye kabla yako."

Biasha alijifungua salama katika zahanati ya kijiji. Alipata mtoto wa kiume, wakamwita Abdulrazak. Bi Kidawa alimpokea mjukuu wake, akamtazama usoni, akacheka.

"Mume wangu amefika," alisema.

Mumewe, Mzee Rehani, alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa mimi niende wapi?" aliuliza.

"Wewe utafute pa kulala. Mwenye nyumba amekuja."

Wote walicheka. Furaha ilikuwa kubwa katika nyumba ile. Bi Kidawa alikuwa na wajukuu wengine, lakini wako mbali. Huyu ndiye wa kwanza kumlea kwa mikono yake tangu siku ya kwanza. Aliapa moyoni kwamba hatapata hata chafya.

Basi akafanya kila alichokijua. Mzazi akawekwa ndani kwa siku arobaini. Dirisha la chumba likazibwa kwa gunia. Uwazi kati ya ukuta na paa ukazibwa kwa matambara. Upepo usiingie. Chini ya kitanda akaweka chungu cha makaa ili mama na mtoto wapate joto. Makaa ya kuni yanazimika upesi, kwa hiyo juu yake akawa anamwaga maganda ya korosho. Yanaungua polepole siku nzima. Na ukuta mmoja tu ndio uliokitenga chumba kile na jiko la kukaangia.

"Mama, macho yananiwasha," Biasha alilalamika.

"Hayo ni mambo ya uzazi. Yatapita."

"Na kichwa kinaniuma."

"Kunywa uji wa pilipili manga. Utapata nguvu."

Biasha alikunywa uji. Kichwa kiliendelea kuuma.

Haukupita muda mrefu, mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Bi Kidawa alishtuka. Akasema ni baridi tu hiyo, imempata mahali. Akalitazama gunia la dirishani, akaona pana upenyo, akauziba. Akaongeza maganda kwenye chungu. Biasha akienda kuoga, Bi Kidawa anamchukua mtoto na kukaa naye jikoni karibu na bati la korosho, kwa sababu kule ndiko kwenye joto zaidi. Alimpakata, akamwimbia, huku anakoroga korosho kwa mkono wa pili.

Mapenzi yalikuwa mengi. Na moshi ulikuwa mwingi vilevile.

Alasiri moja Devota akapita. Devota ni mhudumu wa afya wa zahanati. Kwao ni Newala, lakini amepanga nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Kidawa. Kazi yake mojawapo ni kuwatembelea wazazi na watoto wachanga majumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mume wangu ana kikohozi kidogo, amelala."

Devota aliingia chumbani. Alimfunua mtoto kifua, akainama, akatazama. Akahesabu pumzi zake. Kisha akainuka.

"Mama, mtoto huyu anapumua haraka mno. Tazama hapa, chini ya mbavu. Kila akivuta pumzi, kifua kinabonyea ndani. Amenyonya leo?"

"Anakataa," Biasha alisema. "Tangu asubuhi."

"Basi tunaondoka sasa hivi. Hii si ya kungoja."

Mzee Rehani alikwenda mbio kutafuta gari. Zahanati ikawaandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Njiani Biasha alilia. Bi Kidawa hakulia, alikuwa akisoma kila dua aliyoijua. Hospitalini mtoto aliwekewa hewa puani na kuchomwa sindano. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba wamewahi.

Bi Kidawa alikaa kwenye benchi la nje, ameshika tama. Alikuwa ameogopa sana. Zamani, kabla ya Biasha, alizika watoto wawili wachanga, na wote wawili watu walisema ni kifua. Hakuwa akiwataja mara kwa mara. Lakini siku ile, kwenye benchi lile, walikaa naye.

Mungu akasaidia. Abdulrazak alipona, wakarudi Kiranjeranje. Na Bi Kidawa, kwa shukrani, akazidisha uangalizi. Chungu kikarudi chini ya kitanda. Gunia likarudi dirishani. Kikohozi nacho kikarudi.

Devota alipokuja kuwaona tena, aliomba kukaa chumbani kidogo. Akaketi kwenye kigoda. Baada ya muda machozi yakaanza kumtiririka.

"Unalia nini?" Bi Kidawa aliuliza.

"Silii, mama. Ni moshi." Devota aliinama, akaona chungu. "Mama, naomba hiki tukitoe. Makaa kwenye chumba kilichofungwa yana hatari mbili. Moshi unaumiza kifua. Halafu kuna gesi nyingine ambayo haionekani wala hainuki. Hiyo inaleta maumivu ya kichwa, na ikizidi inaua watu wakiwa wamelala."

Biasha alijishika kichwa. Bi Kidawa alikunja uso.

"Devota, wewe umezaa?"

"Bado, mama."

"Mimi nimezaa. Mama yangu alizaa. Sote tumelelewa kwa moto. Leo moto umekuwa adui?"

"Sitaki kubishana na wewe, mama."

"Na hewa mbaya ninaijua. Iko Dar es Salaam. Kule kuna magari na viwanda. Huku kwetu kuna miti na upepo wa bahari. Hewa ya huku ni safi."

Mzee Rehani, aliyekuwa akisikiliza barazani, aliingia. Yeye si mtu wa maneno mengi.

"Mama Biasha," alisema, "mtoto ni wa watu. Hebu tumsikilize."

Akakitoa chungu mwenyewe. Bi Kidawa alinyamaza, lakini kimya kile mumewe alikijua. Hakikuwa cha kukubali.

Kesho yake Devota alileta kisanduku cheupe, ukubwa wake kama redio ndogo. Akaeleza kwamba kinapima moshi na vumbi laini hewani. Kuna kingine kama hicho kimetundikwa nje ya zahanati tangu mwaka juzi. Sasa wanatundika na katika nyumba chache, wenyewe wakikubali.

"Kinarekodi maneno?" Bi Kidawa aliuliza.

"Hapana, mama. Hakisikii kitu."

"Kinapiga picha?"

"Wala hakioni. Kinanusa tu."

Kikatundikwa chumbani, juu ya kitanda. Bi Kidawa hakukiamini hata kidogo. Siku za mwanzo, akitaka kumsema mtu, alikuwa anatoka kwanza nje. Au anageuza maneno na kusema Kimatumbi, akidhani sanduku la serikali litajua Kiswahili tu. Biasha alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Na kile chungu? Devota alipotoka tu, na Mzee Rehani alipokwenda shamba, chungu kilirudi mahali pake. Bi Kidawa aliona anamwokoa mtoto na watu wasiojua malezi.

Ikatokea habari ya msiba. Shemeji yake Bi Kidawa, mume wa dada yake mkubwa, alifariki huko Mchinga. Bi Kidawa akafunga mzigo wake. Kabla ya kuondoka alimwachia Biasha maagizo mengi.

"Maganda yako kwenye kapu. Usiache chungu kizimike. Dirisha usifungue."

"Ndiyo, mama."

Biasha alikuwa mtoto mtiifu, lakini macho yake yalikuwa yamemchosha. Gari lilipoondoka na mama yake, alikaa kidogo, kisha akalivuta gunia dirishani. Mwanga ukaingia. Upepo ukaingia. Akakitoa chungu nje. Jikoni nako kulikuwa kimya, maana mkaanga korosho hakuwepo. Mzee Rehani alipika ugali uani, na ulikuwa na madonge, lakini waliula.

Mtoto alilala vizuri. Alinyonya mpaka akatosheka. Biasha mwenyewe kichwa kiliacha kuuma. Hakuyaunganisha mambo hayo. Aliona ni bahati tu.

Hitima ikapita, Bi Kidawa akarudi. Jambo la kwanza alilolitazama ni dirisha. Akashangaa, akagomba, akaziba. Akawasha jiko, akakaanga korosho, maana wateja walikuwa wamemngoja. Chungu kikajazwa. Haikuchukua muda, Abdulrazak akaanza kukohoa tena.

"Unaona?" alimwambia Biasha. "Nimeondoka kidogo tu, mmempigisha mtoto upepo."

Biasha alimpakata mtoto. Aliamini huenda kosa ni lake.

Siku ya Jumamosi Devota alikuja kukifungua kile kisanduku. Alimsikiliza kwanza mtoto kifua. Kikohozi kipo, alisema, lakini pumzi haijaharibika. Akawaonyesha tena dalili za kuangalia: mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea, akikataa kunyonya, wasingoje, waende zahanati saa hiyohiyo. Kisha akaomba wote waketi barazani, akatoa simu yake.

Kwenye simu kulikuwa na mstari unaopanda na kushuka.

"Huu ni wa kisanduku cha nje, kule zahanati," Devota alisema. "Mstari ukiwa chini, hewa ni safi. Ukipanda, kuna moshi au vumbi. Tazama hapa, ni masika. Mvua inaosha hewa, mstari umelala. Hapa mvua zimekwisha, watu wanasafisha mashamba ya ufuta na kuchoma majani."

"Umepanda," Mzee Rehani alisema.

"Umepanda. Na huu ni wa msimu wa mwaka huu. Umepanda kuliko ule wa kwanza. Mashamba yameongezeka, na wote wanachoma wakati mmoja."

Mzee Rehani alikuna kidevu. Yeye mwenyewe alikuwa amechoma. "Kumbe na huku hewa inabadilika," alisema. "Mimi nilijua hewa ni hewa."

"Na mimi nilidhani hivyo, mzee. Sasa tazameni huu mwingine. Huu ni wa chumba cha Biasha."

Mstari wa pili ulikuwa juu sana. Ule wa nje, hata wakati wa kuchoma mashamba, haukuufikia. Bi Kidawa aliutazama kwa jicho la pembeni. Hakutaka kuonekana anautazama.

"Ile chembe ya moshi ni ndogo kuliko unga," Devota aliendelea. "Vumbi kubwa unalipiga chafya, linatoka. Hii haitoki. Inashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mtu mzima anakohoa. Mtoto mchanga mapafu yake ni madogo, yanashindwa. Na moshi wa maganda ya korosho ni mkali zaidi. Mafuta yaleyale yanayobabua mikono yako, mama, ndiyo yanayopanda na moshi."

Bi Kidawa alitazama mikono yake.

Mzee Rehani aliinama karibu na simu. Akaweka kidole. "Mbona hapa umeshuka?"

Kweli. Katikati ya ule mstari wa juu palikuwa na bonde. Mstari umeporomoka, umelala chini siku kadhaa, kisha umepanda tena ghafla.

"Hata mimi nilitaka kuwauliza," Devota alisema. "Siku hizi kulikuwa na nini hapa nyumbani?"

Biasha alihesabu tarehe kwa vidole. Kisha akamtazama mama yake, akatazama chini.

"Mama alikuwa msibani Mchinga," alisema.

Bi Kidawa alikaa bila kutikisika. Alikumbuka jinsi alivyorudi na kumkuta mtoto amelala kimya, na yeye akakimbilia kuziba dirisha.

"Ina maana nikiondoka mimi," alisema polepole, "mtoto anapumua."

"Hapana, mama," Devota alisema. "Moshi ukiondoka. Si wewe."

"Moshi huo nimeuwasha mimi."

"Umeuwasha ukitafuta joto la mtoto. Joto anahitaji kweli. Hapo hukukosea."

Machozi yalimtoka Bi Kidawa, naye hakuyafuta. Alimgeukia Devota, na sauti yake ikawa ndogo.

"Niambie kweli, mwanangu. Nilizika wawili. Ni moshi?"

Devota alimsogelea. Alikuwa msichana tu, umri wake unalingana na wa Biasha, na swali lilikuwa zito.

"Sijui, mama. Hakuna mtu anayeweza kujua leo. Watoto wanaumwa kwa sababu nyingi. Wewe ulifanya kila ulichofundishwa. Ningekudanganya kama ningesema ninajua."

Mzee Rehani alimshika mkewe bega. Watu wa rika lao hawana mazoea ya kushikana mbele za watu, lakini alimshika.

Bi Kidawa alipiga moyo konde. Akainuka, akaingia chumbani. Walisikia kitu kinaburutwa. Akatoka na chungu, akakimwaga mchangani mbali na nyumba. Akarudi, akalivuta gunia la dirishani mpaka msumari ukang'oka. Akachomoa matambara yote juu ya ukuta. Kisha akarudi barazani, anahema, amejaa masizi mpaka puani.

"Haya," alisema. "Moto nimeutoa. Sasa nifundishe joto."

Devota alitabasamu. Akamwambia Biasha afungue kifua, akamvua mtoto nguo, akamwacha na nepi, kofia na soksi. Akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa khanga.

"Joto la mama linamtosha mtoto," alisema. "Mama akichoka, baba anaweza kumbeba hivi. Hata bibi anaweza. Na ale maziwa ya mama peke yake. Usiku mvalisheni vizuri, mfunikeni, dirisha liwe wazi kidogo."

"Hata bibi?" Bi Kidawa aliuliza.

"Hata bibi."

"Nileteeni mume wangu, basi. Lakini ningojeni nioge kwanza."

Jioni ile Abdulrazak alilala kifuani kwa bibi yake. Bi Kidawa alimshika mgongo na kuhisi pumzi yake inavyokwenda. Alishukuru kwa sauti, bila kumwonea aibu mtu yeyote aliyepita.

Kazi ya korosho hakuiacha, maana ndiyo maisha yake. Aliihamisha. Mzee Rehani alijenga banda mbali na nyumba, upande ambao upepo unaupeleka moshi porini na si kwa watu. Banda halina kuta, lina nguzo na paa tu. Bi Kidawa anakoroga akiwa amesimama upande unakotoka upepo, amejifunga kitambaa puani na kupaka mafuta mikononi. Watoto hawaruhusiwi kusogea. Mwanzoni wanawake wenzake walimtania kwamba amejenga ofisi. Baadaye Grace wa njia panda, ambaye naye ni mbanguaji, akaomba kukaangia palepale. Wengine wakafuata.

Maganda hayaingii tena jikoni. Hili lilimuuma kidogo, tuseme ukweli. Moto wa bure mtu hauachi hivihivi. Lakini Devota aliwaonyesha jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, na Mzee Rehani akalifinyanga. Lilipasuka mara ya kwanza, akalirudia. Jiko hilo halili kuni nyingi, hasa kuni zikiwa kavu na sufuria ikifunikwa. Maharage Bi Kidawa anayaloweka tangu jana yake, nayo yanaiva mapema. Ukuta wa jikoni wakautoboa dirisha. Siku ya kwanza kupikia pale, Bi Kidawa aliona rangi ya khanga yake akiwa jikoni, akasema hajawahi kuiona humo.

Mzee Rehani naye alisimama kwenye mkutano wa kijiji. Alisema kwamba ameona kwa macho yake mstari wa hewa ya Kiranjeranje, na kwamba yeye ni mmoja wa walioupandisha. Baadhi walicheka. Hawakukubaliana mambo yote siku ile. Lakini wakulima wa upande wake walikubali kulaza majani shambani yaoze yawe mbolea, na asiye na budi kuchoma aseme kwanza kwa majirani, achome kidogokidogo, siku upepo umetulia.

Kikohozi cha Abdulrazak kilipungua, kisha kikaisha. Mashavu yakajaa. Mstari wa uzito kwenye kadi ya zahanati ulipanda, na huo ndio mstari ambao Bi Kidawa alipenda kuuona ukipanda.

Kwa sababu ya ugonjwa, arobaini ilikuwa imepita bila mtoto kutolewa nje kwa heshima yake. Sasa wakapanga siku. Ibrahimu akaja kutoka Nangurukuru na mbuzi. Pilau likapikwa uani, kwa kuni kavu, na majirani wakajaa. Devota alialikwa. Alikuja amejitanda khanga kichwani, akakaa nyuma kabisa karibu na ukuta, kwa kuwa alijiona mgeni katika dua ya watu.

Mwalimu wa madrasa alimwombea mtoto. Akawaombea Biasha na Ibrahimu. Akawaombea bibi na babu, na marehemu wote wa nyumba ile. Alipotaka kushusha mikono, Bi Kidawa akamzuia.

"Bado mmoja, mwalimu."

"Nani?"

Bi Kidawa alimwonyesha Devota. "Yule pale. Ni Mkristo, najua. Lakini bila yeye leo tungekuwa tumekusanyika hapa kwa jambo jingine. Nimemsema vibaya, nimemuuliza kama amezaa, na bado alirudi. Sina cha kumlipa. Naomba jina lake liingie."

Mwalimu alimtazama Devota. Hakukasirika.

"Anaitwa nani?"

"Devota."

"Binti wa nani?"

Bi Kidawa hakujua. Devota alijibu mwenyewe.

"Bonaventura."

Mwalimu akainua mikono tena. Akamwomba Mungu ampe Devota binti Bonaventura afya, na ampe watoto wake mwenyewe awalee, na aibariki kazi ya mikono yake. Uani kote watu wakaitikia amina, kwa sauti kubwa. Devota alijifunika uso kwa khanga.

Ile amina ilimwamsha Abdulrazak mapajani kwa bibi yake. Akafumbua macho, akavuta pumzi, akaangua kilio kilichosikika mpaka barabarani. Wanawake wawili wakanyoosha mikono kumchukua wambembeleze.

"Mwacheni alie," Bi Kidawa alisema. "Pumzi anayo."